Vyungu vya Njia ya Ilesi

Sista Muhonja alinifunga mkono kwa kile kitambaa,
akapuliza, akapuliza, akaguna.
"Shivachi, mara ya mwisho kutembea ilikuwa lini?"
Nikacheka. Mimi?
Miaka kumi na moja nimekuwa miguu ya Khayega nzima.
Nimebeba mama wa uchungu usiku wa manane,
nimebeba kabati la vioo na mwenye kabati juu yake,
nimebeba jeneza, tupu, mbio, kwenye mvua.
"Sikukuuliza umebeba nini," akasema.

Kwenye karatasi hakuandika vidonge.
Aliandika: dakika thelathini, kila siku,
mguu kwa mguu, si mbio,
magoti yako hayana spea.

Saa kumi na mbili, baridi ya kung'ata masikio,
pikipiki nikaiegemeza ukutani,
ikanitazama kwa jicho lake moja
kama mke aliyeambiwa "narudi sasa hivi."
Jirani akafungua mlango: "Wameiba?"
Stejini wenzangu, wamejikunja ndani ya makoti:
"Mafuta yameisha?"
"Ni wale wa mkopo, wameichukua!"
Nikawapungia tu. Pumzi ya kujibu sikuwa nayo.

Kumbe kuna mlima kuelekea Ilesi!
Kwa gia ya tatu palikuwa tambarare.
Leo mashavu ya miguu yanausoma mlima
herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Penye kibanda cha kwanza cha wafinyanzi nikasimama,
nikauliza bei ya chungu nisichokihitaji
mpaka moyo uliporudi mahali pake.
Mama wa vyungu akanijua. Akanisogezea kigoda.
"Kesho," akasema, "ukaulize bei kwa yule wa mbele."

Basi afya yangu nikaipima kwa vyungu.
Juma zima kibanda cha kwanza.
Juma la pili cha tatu, mvua ikanirudisha cha pili.
Kisha siku moja nikavipita vyote
bila kuuliza bei ya chochote,
nao wakanizomea kwa furaha: mteja gani huyu!

Jiwe la Kulia likanitokea juu ya bonde.
Wageni nilikuwa nikiwapeleka, shilingi mia mbili,
wao wapige picha, mimi nibonyeze simu.
Sikuwahi kuinua uso.
Asubuhi ile lilikuwa limelowa ubavuni,
mimi nimelowa mgongoni.
Tukatazamana.

Sasa Mwalimu Mmboone.
Soko hadi shule, hata kilomita haitimii,
hamsini yangu ya kila siku ya kazi, bila kukosa.
Akanikuta naenda kwa miguu.
"Leo utanipeleka na nini?"
Nikamwonyesha viatu.
Akavitazama vyake, akatazama saa, akaja.
Siku hizi tunakwenda naye, ananisimulia
watoto wanaoandika "samaki" kwa s mbili,
na ile hamsini inalala mkobani mwake.

Khasandi akapiga hesabu kwa kidole mezani:
hamsini mara ishirini, elfu moja kwa mwezi.
"Mume wangu, umejitibu
au umejifuta kazi?"
Nikanywa uji kimya.
Lakini usiku alinipisha ukutani,
akasema sikoromi tena kama eksozi mbovu.

Sista kafunga kitambaa. Hakuguna.
"Imeshuka kidogo," akasema,
na hilo "kidogo" akalitamka polepole,
nisije nikalikimbiza.

Bado nabeba. Nitakula nini?
Wajawazito, wagonjwa, magunia, nafika hadi mlangoni.
Ila wewe kijana mwenye kitambi,
ukiniambia "nishushe pale getini,"
nitakushusha hatua mia mbili kabla,
nisingizie breki.