Ya Zizi Gani?

Sechelela aliileta kwenye kopo la siagi,
tofu nyeupe, inatetemeka kama mtoto aliyeitwa ubaoni.
Nikaionja mbichi. Sidanganyi:
ni maji yaliyojifunza kusimama.

"Unaila kama tango!" akacheka.
Akaifunga kwa kanga kuukuu,
akaipandishia jiwe la kusagia la marehemu bibi.
Maji yakatoka, yakatoka,
hadi jua la Nkuhungu likavuka paa la Mama Chilewa.

Chumvi. Kitunguu saumu. Ukwaju kidogo.
Mafuta ya alizeti yaache yapige kelele kwanza,
na ukishaitia, mikono nyuma!
Iking'ang'ania kikaango, bado;
ikiiva itakiachia yenyewe.

Rojo la karanga juu, ugali wa uwele pembeni.
Baba, anayewajua watu kwa ng'ombe wao,
akatafuna, akanyamaza, akauliza:
"Ya nani hii? Ya zizi gani?"

"Ya soya, baba. Gunia la Kibaigwa."

Akalitazama zizi letu:
tangu ukame ule,
kuku watatu na baiskeli isiyo na mnyororo.
"Basi mwambieni huyo Soya,"
akasogeza sahani,
"kesho azae tena."