Kabla, Baada

Bi Kjeldgaard wa Aarhus amerudisha mabunda sita ya sufu.
Barua yake fupi: niliagiza rangi ya kutu,
mmeniletea damu ya mzee.

Sikubishana. Nikaipakata kompyuta hadi chumba cha nyuma,
nikaifuta kioo kwa kitambaa cha miwani,
nikashusha pazia, ingawa Klaksvík mwezi wa Novemba
hakuna jua la kuliogopa,
nikaiacha ipate moto nusu saa, kama birika.

Kisha nikakiangika kile kidude usoni mwake,
jicho lake moja limebana kioo,
waya umepita mgongoni na kijiuzito cha kuuvuta.
Kimeng'ang'ania kama kupe sikioni mwa kondoo.

Kikaanza kuihoji.
Nyekundu. Nyekundu iliyopungua. Kijani. Buluu.
Kisha vijivu, kimoja kikimfukuza mwenzake,
vijivu arobaini na ushei,
nami niliyezaliwa chini ya mawingu haya
nilidhani navijua vyote kwa majina.
Mwangaza: mishumaa mia na ishirini kwa mita ya mraba.
Nani aliyeiwasha, nani aliyeihesabu, kidude hakisemi.

Hukumu ikatoka: buluu imezidi.
Kumbe miaka mitatu nimekuwa nikizipasha moto picha zangu bure,
nikiongeza manjano, nikiongeza tena,
hadi zifanane na uzi ulio mkononi.
Wasemao macho hayana pazia
hawajakodolea kioo hiki.
Yangu yalikuwa nalo, la buluu, jembamba,
sikulihisi hata likipepea.

Kuna vitufe viwili.
Nilibonyeza BAADA, kila kitu kikachujuka
kama gazeti lililosahaulika dirishani. Nilichukia.
Maelekezo yanasema subiri, jicho litazoea.
Nikasubiri. Nikanywa chai iliyopoa.
Picha ya uzi nambari kumi na saba
ikageuka kutu mbele yangu,
kutu ileile aliyoiona yule mama.
Samahani, bibi. Ulisema kweli.

Ningeishia hapo.
Lakini mkono haukai; nikafungua picha za Septemba,
siku ya kukusanya kondoo kule Suðuroy,
ambazo sikuwahi kuzigusa wala kuzirekebisha.
Baba ameegemea ukuta wa zizi, kacheka.
Kabla: mzima, mashavu ya baridi.
Baada: manjano.
Weupe wa macho, manjano. Kucha. Pembeni mwa shingo.
Nikasema, ni kidude.
Nikamtazama kondoo aliyemshika pembe.
Kondoo ni mweupe.

Kabla. Baada. Kabla.
Kidole kilitaka kubaki pale.

Nikampigia. Akanipa bei ya mafuta ya boti,
akamsema jirani, akasema mvua,
akasema, kama jambo la kupita,
kwamba supu siku hizi haimshuki.
"Baba, hebu simama dirishani."
"Nishasimama, Sunnvá.
Kwani unaniona?"