Fain

Akonkwa akinipigia kutoka mji wa theluji
huanza hivyo hivyo: "Mama, niko fain."
Nami hapa Kadutu, mikono myeupe hadi viwiko,
nasikia faini,
ile amande ya askari wa Nyawera
isiyo na risiti.
Siku ya kwanza nilimuuliza: wamekutoza ngapi?
Akacheka. Kicheko kilichelewa kufika,
nikawa nimeanza kuogopa.

Jioni nikapita kwa mwalimu Birindwa
anayefundisha Kiingereza chumbani mwa kinyozi
mashine zikishazimwa.
Karo yangu: makopo mawili ya unga wa muhogo.
Akaliandika neno kwa sabuni juu ya kioo,
nikajiona nyuma yake, kilemba kimepinda.

"Ni uzima," alisema. "Ni nguo iliyokukaa,
ni asubuhi ya Bukavu ziwa likionekana hadi ng'ambo.
Ni faini pia, mama, hukukosea.
Na mtu akichoka kubishana hulisema akigeuza uso:
haya basi, yaishe."

Kisha akachota unga wangu kwa vidole viwili,
akausugua karibu na taa.
"Na huu pia.
Uliotwangwa, ukachekechwa, ukarudiwa,
hata chenga hamna. Huu ndio fain."

Miaka ishirini na sita
nimeuza neno kwa kopo
wala sikujua naliuza.

Nikiondoka nilimwona akifuta kioo,
akaanza na herufi ya nyuma.
Likabaki lile la Kifaransa
linalofunga filamu.
Nikasimama mlangoni hadi alipolimaliza lote.

Jumapili simu ikalia.
"Mama, niko fain."
Nikamuuliza: "Ipi, papa?"
"Ipi nini?"
"Ya nguo? Ya ziwa? Ya askari?
Au ile ya unga?"

Nikasikia mashine kubwa nyuma yake,
watu wakiitana kwa lugha nisiyoijua,
na pumzi yake, moja, mbili.
Muda wa maongezi ulikuwa wake, ukawa unaisha.

"Soko linakwendaje, mama?"

Nikatazama magunia yangu matatu
yasiyofunguliwa tangu Jumanne,
na tope la mvua lililofika hadi miguuni pa meza.
Nikapangusa mdomo kwa kitenge.
"Linakwenda," nilisema.
"Linakwenda, mwanangu. Wewe kula."