Kisigino Kwanza

Risiti ni ndefu kuliko mkono wangu.
Naikunja mara nne, naificha ndani ya kofia mpya,
kofia ndani ya mfuko,
mfuko nyuma ya mlango wa banda la kuni,
kama mtoto aliyeiba sukari,
mimi, Joxemiel, miaka sitini na mmoja,
mstaafu wa kiwanda cha karatasi, Tolosa.

Koldobike anajua. Hajauliza.
Amesema tu, akimenya viazi:
"Harufu ya mpira mpya haifichiki."

Duka la Nekane linabana kama soksi.
Alinikalisha kwenye kigoda, akapima
upana wa mifupa ninayoikalia,
mifupa ambayo maisha yangu yote
hakuna aliyewahi kuiulizia hali.
Kisha akaleta: kiti chenye mfereji katikati,
suruali yenye pedi nene kama mkate wa jana,
glavu zisizo na vidole,
taa ya nyuma, ndogo, punje ya komamanga,
na viatu.
Ah, viatu.
Vyeupe. Chini vina kidude cha chuma,
kidude huuma pedali, na pedali haikuachi
mpaka upeleke kisigino nje.
"Kisigino kwanza," alisema, "ndipo breki.
Usisahau. Wote husahau."

Nilicheka. Mimi niliyeendesha mashine
ndefu kama treni, miaka thelathini na minane,
nikisikia kwa nyayo rola ipi imechoka,
nani atanifundisha mguu?

Jumapili. Mvua yetu ile nyembamba
isiyojua kunyesha wala kukoma.
Nikajishindilia ndani ya suruali,
nikakatiza jikoni, tak, tak, tak,
mbuzi juu ya vigae.
Koldobike akageukia dirisha.
Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tak ya kushoto. Tak ya kulia.
Na barabara, sijui niseme vipi,
kila nilichovuta kilikuja.
Mguu haukusukuma tu, ulizungusha,
na kilima cha Bidania, ambacho mwaka jana
nilikipanda nikikokota baiskeli kama ng'ombe mgonjwa,
kilinipokea nikiwa nimekaa.
Ng'ombe wazima watatu walinitazama.
Niliwapigia kengele.
Kengele si mpya. Ilikuwa ya kaka yangu Bixente,
imeliwa na kutu, hulia kama kikohozi.
Nekane alitaka kuing'oa.
Nikamwambia hiyo iache.

Nikateremka, koti likinipigia makofi,
nikaingia mjini, nikafika kwenye taa
mbele ya duka la mikate, saa ambayo watu wote
wametoka kanisani na wana njaa.
Nyekundu.
Nikashika breki.

Kuna nusu sekunde ndefu kuliko misa.
Baiskeli imesimama. Mimi nimesimama nayo.
Hakuna anayekwenda popote.
Kisha, polepole, kwa heshima,
kama kabati linalolazwa na wahamishaji wapole,
tukalala ubavu, sote wawili,
bado tumeshikana.

Mwanamke mwenye mfuko wa maharage
aliniuliza kama nimekufa.
Nikamjibu, bado.
Mvulana akaniletea punje yangu ya komamanga.
Ilikuwa ingali inawaka.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo wasemavyo.
Kinyemi kiko mlangoni, jozi nyeupe,
mkwaruzo mmoja kwenye ncha ya kulia.
Kidonda kiko mahali ambapo sikuonyeshi.

Koldobike anapaka dawa bila huruma.
"Na risiti?"
Naenda bandani. Naileta.
Anaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
kama asomavyo tanzia gazetini,
anafika kwenye viatu, kidole kinasimama.
Nasubiri.
Anaigeuza, anachukua kalamu,
nyuma yake anaandika ya sokoni:
vitunguu, chumvi, plasta,
na chini kabisa, peke yake, namba:
thelathini na saba.

Mimi navaa arobaini na tatu.