Pumzi za Kisamvu

Dakta Nsajigwa aliinua picha dirishani,
mwanga wa Sinza ukapita katikati ya mbavu
nyembamba kama njiti za ufagio wa chelewa.
Akasema, "Moyo wake mkubwa mno."

Nikacheka. Kwetu hiyo ni sifa.
Marehemu mume wangu alisifiwa hivyo kwenye arobaini yake,
na mimi siku niliyomsamehe shemeji deni.
Dakta hakucheka. Akaweka kidole
pale moyo ulipojaa kama embe
lililosukumwa ndani ya kikombe cha kahawa,
akanionyesha na maji,
ukungu mweupe kwenye mapafu.

Kisamvu yuko mezani, masikio yamelala,
pua ikienda, ikienda, ikienda
kama cherehani yangu mkesha wa Idi.

Duka la dawa, Tabata Kimanga. Kijana wa kaunta
akasoma karatasi: robo kidonge, mara mbili kwa siku.
"Mgonjwa ana miaka mingapi?"
"Minne."
Akaacha kutafuna. "Miaka minne, moyo?
Pole sana, mama. Anaitwa nani?"
"Kisamvu."
Akaandika K, akaandika i,
kalamu ikasimama.

Bi Mgeni naye kanichungulia juu ya ukuta:
"Laki na nusu? Kwa kitoweo?"
Sikumjibu. Angeuliza vizuri ningemwambia
kwamba Salha alipokwenda bweni Korogwe
nyumba ilibaki na sauti mbili tu:
friji,
na meno madogo yakikata mchunga.

Dawa yenyewe ni ileile ninayomeza mimi ya presha.
Saa moja asubuhi, saa moja usiku,
navunja kidonge kwa wembe juu ya kisahani,
nusu ya nusu yake, kizima changu,
nakoroga na ndizi mbivu, navuta
kwa bomba la sindano lisilo na sindano.
Anakaza taya. Nambembeleza. Ananipiga teke.
Nyie mliokuzwa na hadithi za sungura mjanja
njooni mmwone huyu,
kashindwa kuidanganya robo ya kidonge.

Joto la Februari halimfai, dakta kasema.
Basi nagandisha maji kwenye chupa,
nazivisha soksi za marehemu,
nazilaza ubavuni mwake. Anaziegemea
kama mtu anavyomwegemea mtu.

"Mhesabu akilala," dakta alisema.
"Kifua kikipanda na kushuka, hiyo moja.
Zikizidi sitini kwa dakika, nipigie,
hata iwe usiku wa manane."

Sijawahi kuhesabu pumzi za mtu.
Mume wangu alikuwa chumba cha pili,
mimi nashona sare za shule, oda ya watu.
Nikamsikia anakohoa.
Nikasema, nimalize kwanza pindo hili.

Salha hupiga Jumapili kwa simu ya matroni:
"Mama, Kisamvu hajambo?"
"Hajambo. Anakula."
Na kweli anakula. Jani moja,
analifikiria kwanza.

Usiku huu umeme umekatika mtaa mzima.
Feni ikazunguka mizunguko yake ya mwisho, ikanyamaza.
Nimekaa sakafuni, tochi ya simu nimeifunika kwa kanga
isimwamshe. Saa ya mkononi. Kifua cha kijivu.
Sare zimerundikana mezani. Zisubiri.

Thelathini na nane.
Wangu unakimbia, nausikia masikioni.
Arobaini na tisa. Hamsini.
Bomba la Bi Mgeni linadondosha,
linanipoteza hesabu,
naanza upya: moja,
mbili,