Chema Chajiuza

Afisa wa biashara alikuja na fomu,
akakalia sanduku la sindano namba saba
maana kiti cha pili kilivunjika tangu Pasaka.
"Nini kiliwasukuma kuuza nje?
Wekeni tiki: ushindani, bei ya sarafu,
mkakati wa ukuaji, mengineyo."

Winifred Tranter, mwenye karakana, akanigeukia mimi,
mweka hesabu, kana kwamba jibu nimelifungia drooni.

Ningemwambia:
hapa Redditch sindano yetu haikatiki,
na hilo nusura lituue.
Fundi wa viti vya ngozi kule Bromsgrove
alinunua pakiti moja mwaka aliooa.
Ana wajukuu sasa, na pakiti ina sindano tisa.
Chema chajiuza, ndiyo,
ila wahenga hawakusema chajiuza mara ngapi.

Kisha duka la jumla la Birmingham likafunga.
Masanduku yakapanda hadi dirishani,
mchana tukawasha taa.
Kila Alhamisi nilihesabu mishahara mara mbili,
si kwa kuogopa kukosea,
kwa kutumaini nimekosea.

Ndipo ikaja bahasha, stempu yake ina ndege nisiyemjua.
Ndani, kadi, na nusu ya sindano imebandikwa kwa gundi:
tundu la uzi, na herufi zetu mbili, bado zasomeka.
Graciela Etcheverry, mshona matandiko ya farasi, Uruguay.
Ilikuwa ya shangazi yake. Imefanya kazi miaka arobaini,
imekatika juzi, mlango ulipoibana.
Hakulalamika. Aliuliza tu:
*Je, bado mpo?*

Winifred aliisoma amesimama,
akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.
Dazeni mbili. Gharama ya posta ilizidi ya sindano.
"Tutapata hasara," nikasema.
"Andika," akasema.

Uzi hufuata sindano:
baada ya Graciela, jirani yake; baada ya jirani,
mjukuu wa mtu fulani aliyehamia Osaka.
Nikajifunza fomu za forodha usiku, kwa kamusi,
na chema chetu, kwa aibu kidogo,
kikaanza kujitembeza.

"Basi, niandike nini?" afisa akauliza.
"Andika tuliulizwa," akasema Winifred.
Akaandika: *mahitaji ya soko.*

"Na sasa, bwana, tafadhali inuka.
Hilo ulilokalia
linaondoka saa nane."