Zimwi Litujualo

Vitabu vitatu mezani, na usiku wa Punta Arenas umegoma kuingia.
Saa nne, Desemba, bado kuna mwanga wa kusomea,
na upepo unalipiga bati kama mdai aliyechoka kubisha kwa adabu.
Jumamosi watakuja kucheza. Lazima niwe nimechagua.

Cha kwanza kizito kama mlango wa jokofu,
nami najua uzito huo: majokofu ya bandarini ndiyo kazi yangu.
Madubwana mia sita na kumi na mawili, kwa alfabeti,
kila moja na pointi zake za uhai, makucha yake, bei ya ngozi yake.
Majoka yamepangwa kwa rangi, kama soksi.
Moja lina pointi mia nne.
Kwa kanuni zetu, ambamo shujaa hodari ana kumi na nane,
ilibidi nigawanye kwa ishirini, nijumlishe mbili, nisali.
Nikapata joka ambalo Nélida angeliua kwa sufuria
kabla maji ya chai hayajachemka.

Cha pili kina picha nzuri mno, na hilo ndilo tatizo lake.
Mchoraji amependa meno. Meno juu ya meno,
meno magotini, jicho lenye meno,
na chini yake: Hukaa pangoni. Hula watu.
Basi.
Hata mbwa wa jirani ana historia ndefu kuliko hiyo.

Nikipima kitabu siangalii mazimwi. Naangalia viti.

Kiti cha dirishani ni cha Ovidio, muuguzi wa zamu ya usiku:
asiletewe maiti zinazotembea,
anazo za kutosha, zile zinazolala.
Danica hucheka akitishwa, basi mtishe taratibu,
kwa kitu kinachorudisha funguo mahali pasipo pake.
Mpwa wangu Yerko, miaka kumi na sita, anataka damu, damu, damu,
kisha akifika kwao hulala taa ikiwaka.
Hajui kuwa najua.
Nélida haogopi kitu,
ila simu ikilia baada ya saa sita.
Meli yenyewe tunaijua sote. Hatuitaji.

Nimefunua mia sita na kumi na mawili. Simu haimo.

Cha tatu si kitabu hasa. Fotokopi, pini mbili, moja imeota kutu,
nilikiokota mnadani, shule ya Porvenir, kati ya madaftari ya hesabu.
Jina la mwandishi limeliwa na unyevu, limebaki "-lvina".
Mazimwi kumi na tisa. Namba, hata moja.
Mahali pa nguvu ameandika wanachopenda.
Mahali pa silaha, wanachokumbuka.

*Huyu hupenda sauti ya maji yakichemka. Mkizima jiko ataondoka, lakini atanuna.*
*Huyu huhesabu watoto wa nyumba. Akikosea huanza upya.*
*Huyu husimama nje. Haingii. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.*

Kutohoa cha kwanza ni kugawanya na kujumlisha.
Kutohoa hiki ni kukesha, nikimuuliza kila mmoja:
wewe ukipigwa, unaumia wapi?

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema,
na kila mtu hushika ile habari njema ya kubakizwa.
Mimi usiku huu nimeshika neno la pili.

Kizito nimekirudisha rafuni
(nitaiba mtego wa ukurasa mia mbili na tatu, usimwambie mtu).
Penseli. Anayesimama nje. Uhai:
naandika saba, nafuta. Ishirini, nafuta.
Karatasi imeanza kutoboka.
Bati limenyamaza ghafla, kama lililosikia likitajwa.

Basi pabaki wazi.
Atakayemfungulia mlango namjua, ni mmoja tu kati yao,
na swali ataliuliza yeye.
Dadu nitaziweka kando,
pale karibu na simu.